Kamba ya Mtu Mwingine

Kwa miezi minane nilikuwa mwindaji wa kulungu. Nilikuwa Mmarekani wa makamo, mwenye ndevu za kijivu, magoti mabovu na misimu mingi ya kuwinda kwenye ardhi ya umma. Picha yangu ilikaa juu ya kila makala. Mimi mwenyewe nilikuwa Kahawa West, kwenye bedsita, nikiandika usiku kwa sababu usiku bando ni bei ya chini na jirani amezima spika.

Nina miaka 26. Sijawahi kushika upinde. Hapa kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, mama yangu akiwa bado mtoto, kwa hivyo hata ningetaka nisingeweza. Mnyama wa porini niliyewahi kumkaribia ni swala, tena kupitia dirisha la treni ya SGR nikienda Pwani.

Kama umewahi kuandikia watu wa nje unajua mambo haya yanavyoanza. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imegoma kabisa. Kwanza nikaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Nikaona aibu, nikahamia makala za bidhaa, nikidhani huko aibu ni ndogo. Mahema, buti, tochi za kichwani, majiko ya kambini. Unasoma, unalinganisha, unaandika kana kwamba umetumia. Malipo ni kwa neno. Ikifika asubuhi unalala, ikifika Ijumaa unalipa deni la Fuliza.

Siku moja mteja akaniletea kazi ya maneno 1,800: jinsi ya kuchagua vifaa vyepesi vya kuwindia kwa tandiko kwenye ardhi ya umma. Maagizo yalikuwa mstari mmoja: sauti iwe ya mtu aliyefanya.

Acha nikueleze tandiko ni nini, maana bila hilo hutaona kosa langu lilikaa wapi.

Kulungu wa Marekani, yule mwenye mkia mweupe kwa chini, ana pua kali mno na macho yaliyozoea kuangalia usawa wake. Kwa hivyo wawindaji wa upinde hupenda kumngoja juu ya mti, mita tano au sita kutoka chini, wakati mwingine zaidi. Zamani wengi walifunga kiti cha chuma mtini. Siku hizi kuna wanaotumia tandiko. Si tandiko la farasi. Ni kipande cha kitambaa kigumu au mikanda kinachoshika makalio na mapaja, kama mtoto anavyokaa kwenye leso mgongoni. Mbele kuna kamba fupi inayoitwa daraja. Daraja linaunganishwa kwa karabina na kamba nyingine iliyozungushwa mtini usawa wa kichwa. Miguu inasimama kwenye kibao kidogo cha alumini. Mwindaji anaegemea nyuma, uso kwa mti, na kungoja, saa tatu, saa nne, mpaka mguu ufe ganzi.

Kwa nini uzito unawasumbua hivyo? Jibu liko kwenye hayo maneno mawili, ardhi ya umma. Misitu ya taifa ya Marekani peke yake ni zaidi ya ekari milioni 190, eneo kubwa kuliko Kenya nzima, na bado kuna ardhi nyingine za serikali kuu na za majimbo. Raia asiye na shamba wala tajiri wa kumjua anaweza kununua leseni na kuingia. Lakini kitu cha wote kina masharti ya wote. Sehemu nyingi hairuhusiwi kutoboa mti kwa skrubu za kupandia, na nyingi hairuhusiwi kuacha kiti chako juu usiku kucha. Unachoingia nacho, unatoka nacho. Halafu karibu na barabara kuna watu, na kulungu wanajua kuna watu, kwa hivyo unatembea kilomita mbili, tatu, gizani, kwenye matope. Ukifika umelowa jasho, harufu yako imekutangulia. Kila nusu kilo unayoiacha nyumbani ni jasho ambalo halitakuumbua.

Kiti cha kawaida na ngazi zake huweza kufika kilo 10 na zaidi. Seti ya tandiko, pamoja na kibao, vijiti vinne vya kupandia na kamba zote, huweza kushuka hadi kilo sita au chini yake. Hapo ndipo wazimu wa gramu unapoanza. Watu hununua vijiti vifupi na kuongeza vitanzi vya kamba kama vidato. Wengine hubeba kijiti kimoja tu na kukihamisha hatua kwa hatua. Hubadilisha kamba ya milimita 11 na kuweka ya milimita nane, ambayo ni nyepesi na haijazi mfuko, lakini ni ngumu kushika kwa vidole vilivyoganda, na fundo lililokuwa linauma vizuri kwenye kamba nene linaweza kuteleza kwenye hii.

Hayo yote niliyasoma. Nilisoma karatasi za watengenezaji, nikatazama video mpaka nikajua milio ya karabina. Sikuwa mvivu, naomba hilo liandikwe. Takwimu zangu zilikuwa sahihi. Nilieleza kwamba tandiko si mkanda wa kukudaka ukianguka, kwa hivyo kamba ya juu haifai kulegea, kwa sababu kamba isiyonyumbuka ikikukamata ghafla inakuumiza hata isipokatika. Nilieleza kwamba ukibanwa nyonga unarekebisha urefu wa daraja kabla ya kutupa tandiko zima. Nilisema zoezi la kwanza lifanywe nusu mita kutoka ardhini, mchana, na mtu yuko karibu.

Halafu nikafika sehemu ya kamba ya kiunoni.

Unamjua fundi wa stima anapopanda mlingoti. Ana mkanda unaozunguka mlingoti na kurudi kiunoni, anauhamisha juu kadiri anavyopanda. Wawindaji wanayo ileile, na hata jina lake kwao linatokana na mafundi hao. Inamshikilia mtu wakati anapanda, kabla hajafika pa kufunga kamba ya juu. Kanuni ni fupi: umefungwa tangu mguu unapoacha ardhi mpaka unaporudi ardhini. Ukikuta tawi njiani, unafunga kamba ya pili juu ya tawi kwanza, ndipo unafungua ya chini.

Makala ilikuwa imekauka. Mteja alikuwa ameniambia mara mbili kwamba naandika kama mwalimu wa sayansi, niweke chumvi. Ilikuwa saa tisa usiku. Nikaandika, kwa Kiingereza chepesi cha yule mzee wa ndevu, kwamba mimi binafsi kwenye mti ulionyooka ile kamba ya kiunoni huwa naiacha nyumbani, misimu mitatu sasa, na sijaijutia. Sentensi ikapendeza. Ilikuwa na kiburi kidogo, kama cha mtu halisi. Nikatuma, nikalala.

Mteja alikuwa na mpango wa pembeni. Maswali ya wasomaji alinitumia mimi, nijibu kwa sauti ya yule mzee, dola mbili kwa jibu. Wiki kadhaa baadaye likaja moja kutoka kwa mwanamume wa Pennsylvania mwenye miaka 61. Alieleza magoti yake, bwawa analovuka, uzito wa begi. Swali lake lilikuwa kuhusu kibao: achukue kidogo au kikubwa? Swali rahisi. Lakini kabla ya swali alikuwa ametoa shukrani. Alisema alikuwa anaogopa kuiacha kamba ya kiunoni, ila kwa vile mimi nimefanya hivyo misimu mitatu, naye ameitoa begini. Imekaa gereji.

Niliisoma mara moja tu. Nikatoka nje kwenye korido, pale tunapoanika nguo, nikasimama.

Mjomba wangu ni mgema huko Kaloleni. Anapanda minazi kila siku, asubuhi na jioni, kotama kiunoni, bila kamba yoyote, kwa mapandio aliyoyachonga mwenyewe kwenye shina. Nilimpigia. Nilitaka, nadhani, aniambie kwamba kamba ni ushamba wa wazungu na hakuna tatizo. Nikamweleza habari yote. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika.

"Mti wenyewe umeupanda?"

"La, mjomba."

"Wowote?"

"La."

"Mimi nikianguka, mpwa wangu, naanguka na ujuzi wangu. Huyo mzee akianguka ataanguka na wako. Na wewe huna."

Akaniuliza kama nimekula, akakata.

Nimekaa na maneno hayo tangu siku hiyo, na kwanza nilijaribu kuyashinda. Nilikuwa na hoja. Hebu nizipange hapa, maana najua kuna anayesoma hii akiwa na tabo ya makala ya mtu mwingine imefunguliwa pembeni.

Hoja ya kwanza: kila mtu anaishi kwa maneno ya wengine. Sijapima daraja la Nyali kabla ya kulivuka. Daktari wa malaria si lazima awe ameugua malaria. Tukisema asiyefanya asiseme, vitabu karibu vyote vifungwe. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo maana ilinidanganya. Daktari hasemi ameugua. Anasema amesoma, na wewe unajua unapewa neno la aina gani. Kwenye karabina nzuri kuna namba imechongwa, kwa mfano kilonyutoni 22, yaani nguvu ya kama tani mbili na kitu. Namba hiyo ina maana kwa sababu kuna mahali chuma cha aina hiyo kilivutwa mpaka kikavunjika. Lile "mimi" langu lilikuwa namba iliyochongwa kwenye chuma ambacho hakuna mtu aliyekivuta. Kwa Kiingereza ni herufi moja tu. Makala nzima ilikuwa na ukweli wa maneno 1,800 umening'inia kwenye herufi moja ya uongo, na yule mzee hakukamata maneno. Alikamata herufi.

Hoja ya pili: yeye ni mtu mzima. Ardhi ni ya umma, mti ni wa umma, shingo ni yake. Mimi nani nimzuie? Na kweli, mtu ana haki ya kuchagua hatari yake. Mjomba amechagua yake kwa miaka mingi na siwezi kumwambia kitu. Lakini kuchagua ni kupima, na unapima kwa mizani uliyo nayo. Mzee alikuwa na woga wake upande mmoja, na huo woga ulikuwa na akili. Upande wa pili niliweka misimu mitatu ambayo haikuwepo. Sikuheshimu uhuru wake. Nilichezea mizani halafu nikasema bei ni yako.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoipenda na ninayoiogopa: sina pesa. Nilihitaji kazi. Mteja ndiye aliyetaka uongo, soko ndilo linalotaka, na huko wanalipwa vizuri kuliko mimi kwa uongo mkubwa zaidi. Siidharau hoja hii. Mtu mwenye kodi ya tarehe tano hafikirii kama mtu mwenye shamba. Ila niliiangalia kwa makini nikaona inaeleza kwa nini niliikubali ile kazi. Haielezi ile sentensi. Sentensi ya kamba hakuna aliyeniagiza. Niliiweka kwa sababu ilipendeza.

Hapo sasa hatia iko wazi. Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu zaidi: nimjibu nini?

Njia ya haraka ilikuwa kuendelea kudanganya. Ningeandika kama yule mzee wa ndevu: ndugu yangu, wiki jana mguu uliniteleza, nilibaki nimekumbatia mti kama mtoto, rudisha kamba yako leo. Ingemfikia. Angeamini, kwa sababu tayari ananiamini. Mwaka wa pili, kabla sijaondoka, tulisoma insha ya Kant ya mwaka 1797, ile ya muuaji mlangoni anayekuuliza rafiki yako amejificha wapi. Kant anasema hata hapo usidanganye. Darasa zima tulimcheka. Sasa nilikuwa nimekaa na muuaji wangu mwenyewe, ambaye ni aya niliyoiandika, na uongo mmoja mdogo ungemfukuza.

Na ukweli ulikuwa na hatari yake. Nikimwambia mimi ni kijana wa Nairobi ambaye hajapanda hata mwembe, si anaweza kutupa kila kitu nilichosema, pamoja na onyo? Si anaweza kusema, huyu ni tapeli, na kuendelea bila kamba kwa hasira?

Nilikaa na hayo mpaka adhana ya alfajiri. Nilichokiona ni hiki. Uongo wa pili ungemrudishia kamba lakini ungemwacha akiwa bado amefungwa kwangu. Kesho angeuliza kuhusu unene wa kamba, keshokutwa kuhusu fundo, na kila jibu angelipima kwa misimu isiyokuwepo. Kumwokoa mara moja kungekuwa kumweka hatarini mara kumi. Alichohitaji ni mahali pengine pa kufunga uzito wake, mahali palipojaribiwa. Ile kanuni ya tawi: funga ya juu kwanza, ndipo ufungue ya chini. Kwa hivyo nisingeweza kuondoa imani yake kwangu bila kumpa kwanza kitu cha kushika.

Nikaanza na hicho. Nilimwandikia kwamba kwenye boksi la tandiko lake kulikuja karatasi ya maelezo, aitafute, asome sehemu ya kupanda, ataona imeandikwa abaki amefungwa kutoka ardhini mpaka ardhini. Nikasema atafute mtu wa eneo lake anayetumia tandiko, wapande pamoja, usawa wa kiti cha jikoni, mchana. Kisha nikamwambia mimi ni nani. Umri, mji, kwamba sijawahi kuwinda, kwamba kwetu hakuna anayeruhusiwa, kwamba sentensi ya kamba niliibuni usiku ili makala ichangamke. Nikaomba msamaha mara moja, sikurudia. Kuhusu kibao nikamwambia kile alichoweza kukihakiki dukani mwenyewe: kidogo ni chepesi, lakini nyayo ndizo zinazolipa, na mwenye magoti mabovu asimame juu ya vyote viwili kabla ya kununua.

Nikatuma. Nakala nikampelekea mteja, pamoja na ombi kwamba sentensi ile ifutwe.

Ilifutwa siku hiyohiyo, kimya kimya. Nami nikafutwa pamoja nayo. Malipo ya mwezi huo yalifika pungufu na sikubishana.

Siku nne baadaye mzee akajibu. Nilitarajia, kwa ubinafsi wangu, neno la upole. Aliandika kwamba amewinda tangu ana miaka 12 na hajawahi kujisikia mjinga hivi. Alisema kuna watu wengi kama mimi na hajui tena asome nini. Mwisho: kamba imerudi begini, usiniandikie tena.

Nilimtii.

Bado naandika kuhusu bidhaa. Kodi haijui falsafa. Ila sasa naweka mstari juu ya kila makala unaosema sijakitumia kifaa hiki, haya nimeyatoa kwa watengenezaji na kwa watu waliokitumia, na pale wanapopingana nasema wanapingana. Wateja wawili wamekataa mstari huo. Mmoja ameukubali na analipa karibu nusu ya yule wa kwanza. Desemba nilienda Kaloleni. Mjomba alinifunga kamba kiunoni, ya kwake ya kuteremshia nazi, akaizungusha mnazi mmoja mfupi ulioinama, akaniambia panda. Nilifika mapandio manne, kama mita moja na nusu. Mikono ilitetemeka. Yeye alikuwa chini, ameshika ncha ya kamba, anakula embe.